Mwanangu Msomi, Mvua Inanyesha Lini?

Hapa chuoni hakuna mtu asiye na maoni kuhusu mvua. Unaweza kukosa maoni kuhusu uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, unaweza hata kukosa maoni kuhusu Simba na Yanga (ingawa hapo watu watakutazama vibaya), lakini kwenye mvua kila mtu ana kauli yake. Ikinyesha Januari wakati hatuitarajii, kwenye foleni ya chakula utasikia sababu tano kabla hujaifikia sahani. Jua likiwaka Aprili, zinakuja nyingine tano.

Mimi nasoma ualimu, mwaka wa tatu, na somo langu la kufundishia ni jiografia. Kwa hiyo watu wananiletea maoni haya kana kwamba ni mimi ninayefungua bomba kule juu. Nimeyasikiliza muda mrefu sasa. Nayaandika hapa kwa sababu yale tunayoyasema kwa utani kwenye foleni, nyumbani kwetu ni hesabu ya chakula.

Kwetu ni Kongwa, Dodoma. Wenzetu wa Dar na Pwani mmezoea misimu miwili, vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei. Sisi tuna mmoja tu. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, ikiisha Aprili ndiyo basi mpaka mwakani. Dodoma hupata kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu nusu ya zile za Dar. Ukikosea wiki mbili za kupanda, huna msimu mwingine wa kukuokoa.

Msimu uliopita mama alipanda mahindi baada ya mvua ya kwanza, kama alivyofanya bibi miaka yote. Mahindi yakaota, yakafika majani manne, halafu mbingu zikafunga. Siku kumi na tisa bila tone. Mama akakopa, akarudishia mbegu, lakini ya pili nayo ilichelewa na mvua ikaisha kabla haijabeba vizuri. Shamba linalotoa magunia tisa likatoa matatu. Kufikia Agosti tulikuwa tunanunua unga.

Mwaka huu wa masomo, Novemba mwanzoni, akanipigia. Shikamoo, marahaba, habari za masomo, umekula? Kisha akasema: "Mwanangu, wewe ndiyo msomi wetu. Mvua inaanza lini? Nipande mahindi au nipande mtama?"

Bumu lilikuwa limeingia wiki ile ile, na hela ya mbegu ingetoka humo. Kwa hiyo swali lake lilikuwa na bei, na kwa mara ya kwanza nikajikuta nayapima yale maoni yote ya kwenye foleni. Je, kuna hata moja ninaloweza kumpelekea mama likamsaidia?

Tuanze na la mama ntilie wetu wa nyuma ya hosteli. Yeye husema, "Mvua ni ya Mungu, mwanadamu asijitie kujua." Wasomi wengi hapa humcheka chinichini. Mimi simcheki. Kauli yake inabeba ukweli mmoja, kwamba hakuna mtu anayeiamrisha mvua, na mama yangu anaamini hivyo hivyo. Lakini hata mama, baada ya kuomba, huenda kununua mbegu. Na mvua ikishashuka, kuna mambo ambayo ni yetu kabisa. Mtaro uliozibwa na chupa za maji na nyumba iliyojengwa kwenye mkondo wa mto si kazi ya mbinguni.

La pili ni la mwenzangu wa chumbani. Yeye ni mtu wa historia, na kila nikifungua mdomo ananikata: "Bana, mbona zamani pia ilikuwepo? Hujasikia El Niño ya 1997/98? Hujasikia ukame wa 1973 na 1974?" Ni kweli, nimesikia. El Niño ni jambo la asili: maji ya Bahari ya Pasifiki upande wa katikati na mashariki yanapata joto kuliko kawaida, upepo unabadilika, na huku kwetu mara nyingi vuli inazidi. Ilikuwepo kabla ya kiwanda cha kwanza duniani. Bahari yetu ya Hindi nayo ina tabia yake. Upande wa magharibi, yaani huku kwetu, ukipata joto kuliko upande wa Indonesia, mvua inaongezeka. Ndiyo maana mwishoni mwa 2019 Afrika Mashariki ililowa sana japokuwa El Niño haikuwa na nguvu.

Tofauti ni kwamba mambo hayo ya asili sasa yanatokea juu ya dunia yenye joto zaidi. Mwaka 2024 ulikuwa mwaka wenye joto kuliko wote tangu vipimo vianze, karibu nyuzi 1.5 juu ya ilivyokuwa katika nusu ya pili ya karne ya 19. Na kila nyuzi moja ikiongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Maana yake ni hii: hewa inanyonya zaidi ardhini wakati wa kiangazi, na ikiamua kumwaga, inamwaga kwa pupa. Kwa hiyo mwenzangu yuko sahihi kwamba ukame na mafuriko vilikuwepo. Ila kusema "zamani pia ilikuwepo" ni sawa na kusema malaria ilikuwepo tangu zamani, halafu ukalala bila chandarua.

La tatu linatoka kwa madereva wa bodaboda pale getini: "Hawa wa hali ya hewa waongo tu." Hili ndilo maarufu kuliko yote, na ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu utabiri ndicho kitu pekee nilichoweza kumpelekea mama.

Mei 2024, nikiwa mwaka wa kwanza, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari ya kimbunga Hidaya. Boti za Dar na Zanzibar zikasimamishwa. Kimbunga kikapungua nguvu, kikaingia upande wa Mafia, na Dar tukapata mvua na upepo tu. Kesho yake pale getini ilikuwa vicheko. "Kimbunga kiko wapi?" Lakini waliokuwa wanasafiri kwenda Lindi na Mtwara wanajua kilikuwa wapi, kwa sababu barabara ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakakwama. Utabiri ulisema pwani. Sisi tukaupima kwa dirisha la hosteli.

Kuna kitu kingine hatufundishwi kusoma. Mamlaka ikisema mvua zitakuwa "wastani hadi juu ya wastani", haiahidi. Inasema uwezekano mkubwa uko upande huo, na uwezekano mdogo bado upo upande wa pili. Daktari akikwambia dawa hii huponya watu saba kati ya kumi na wewe ukawa wa nane, hakukudanganya. Ila mkulima mwenye eka moja na nusu hana maisha kumi ya kujaribia. Ana msimu mmoja. Kwa hiyo hasira ya bodaboda naielewa. Anachodai ni uhakika, na uhakika haupo dukani.

La nne ni la jamaa wa masomo ya maendeleo, mtu wa hoja nzito: "Wazungu ndio wameharibu, wao walipe." Hapa sina ubishi. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa ukaa ya dunia, na sehemu ya Tanzania ndani ya hiyo ni ndogo sana. Mwaka 2022, kwenye mkutano wa Sharm el-Sheikh kule Misri, nchi zilikubaliana kuanzisha mfuko wa kufidia hasara na uharibifu kwa nchi zinazoumia. Ni haki yetu kuudai. Lakini nikimwambia mama kwamba mbegu zake zililiwa na viwanda vya Ulaya na Marekani, ataniuliza swali moja tu: "Sasa nipande nini?"

La tano ni la babu, na nadhani ndilo tulilofundishwa wote tangu darasa la tatu: "Mmekata miti, mvua imekimbia." Babu anaongea juu ya kitu alichokiona. Mlima uliokuwa na msitu sasa una vichaka, na korongo ambalo zamani lilikuwa na maji hadi Julai, sasa Mei limekauka. Miti inashikilia udongo, inalinda chemchemi, inatia kivuli. Kuipanda ni kazi njema. Lakini hapa ndipo ninapotofautiana na mabango mengi ya shule. Tukimfundisha mtoto wa Kongwa kwamba mvua imepotea kwa sababu mama yake ameokota kuni, tunambebesha mama huyo mzigo wa dunia nzima. Joto la dunia limeletwa zaidi na makaa ya mawe, mafuta na gesi, vitu ambavyo mama yangu hajawahi kumiliki hata galoni moja. Kosa la kijiji na kosa la dunia ni mawili. Tuyafundishe mawili.

Basi nikampigia mama. Nikamsomea utabiri wa msimu kama ulivyo, pamoja na ile sehemu ya "inaweza isiwe hivyo". Nikamwambia asipande kwa mvua ya kwanza, asubiri achimbe aone unyevu umeshuka. Nikamwambia mtama unavumilia ukame kuliko mahindi.

Akacheka. "Mtama naujua kabla hujazaliwa. Nani ataamia ndege?"

Hilo halimo kwenye vitabu vyangu. Mtama ukianza kutoa punje, kwelea kwelea wanashuka kama wingu, na mtu lazima awepo shambani alfajiri mpaka jioni kwa wiki kadhaa. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya watoto. Sasa watoto wako shule, na ni vizuri wako shule. Kumbe mama alikuwa akishikilia mahindi kwa sababu alikuwa ameshapiga hesabu ya mikono aliyonayo. Tangu siku hiyo, nikisoma mahali kwamba "wakulima wanakataa mazao yanayostahimili ukame kwa kukosa elimu", huwa najiuliza kama aliyeandika amewahi kuamia ndege hata asubuhi moja.

Tulikubaliana hivi: mtama eka moja, ukitazamwa kwa zamu na jirani ambaye naye anapanda mtama, na mahindi ya muda mfupi nusu eka karibu na korongo. Sehemu ya bumu ikaenda kwenye mbegu. Ninavyoandika, mtama umeota vizuri. Mahindi bado tunayaombea.

Sasa nirudi kwetu sisi wa ualimu. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa shule moja ya kata mkoani Morogoro. Siku ninafundisha majira ya mvua, mwanafunzi wa kidato cha pili akanyoosha mkono: "Mwalimu, kitabu kinasema mvua inaanza mwezi fulani. Mwaka jana hapa haikuanza. Mtihani ukija niandike ya kitabuni au niliyoyaona?"

Darasa zima likanyamaza kusubiri, kwa sababu lilikuwa swali la wote. Nikamjibu kwamba vyote viwili ni kweli. Kitabu kinaeleza tabianchi, yaani wastani wa miaka mingi, na wataalamu hutumia miaka 30. Yeye ameona hali ya hewa, yaani mwaka mmoja. Mwaka mmoja haufuti wastani. Lakini miaka ikianza kujipanga upande mmoja, wastani wenyewe unahama, na hayo ndiyo mabadiliko ya tabianchi. Akauliza tena: "Tutajuaje kama unahama?"

Nikamwambia, "Kwa kuandika." Tulichukua kopo la bati lenye kuta zilizonyooka, tukalipa nafasi uwanjani mbali na miti na paa, na rula ya plastiki ya milimita. Kilikuwa kiangazi, hatukuwa na cha kupima, kwa hiyo tulifanya mazoezi kwa ndoo ya kumwagilia. Waligundua wenyewe kwamba milimita moja ya mvua ni lita moja kwenye kila mita moja ya mraba. Daftari la kaunta lenye safu za tarehe na kipimo nililiacha kwa mwalimu wa jiografia wa pale.

Jamani, sisi tukimaliza tutatawanywa nchi nzima, kuanzia Kagera hadi Ruvuma. Vituo rasmi vya kupima mvua haviko kila kijiji, lakini shule iko karibu kila kata. Kopo, rula na daftari havihitaji mradi wala semina ya posho. Shule ikiandika mwaka huu, mwalimu ajaye akaandika mwaka unaofuata, miaka kumi ijayo mkulima wa pale akiuliza apande lini, kutakuwa na kitu cha kumsomea kilichotoka kwenye ardhi yake mwenyewe. Hakitampa uhakika, ila kitakuwa kizuri kuliko maoni ya kwenye foleni.

Kwa hiyo nikipangiwa kituo, popote kitakapokuwa, nitakwenda na kopo langu. Na wewe chukua lako, uanze kuandika.