Mali ya Yatima na Kompyuta Tatu

Ndugu yangu wa tumbo moja alipofariki dunia mwaka 2019, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha wasia kwamba mimi niwe mwangalizi wa mali ya mwanawe wa kiume. Mali yenyewe si ya kujivunia barazani. Lilikuwa shamba la tangawizi huko Mamba, katika milima ya Upare, ambalo warithi waliliuza, na fungu la kijana huyo likawa shilingi 6,000,000. Nilizipokea fedha hizo kwa mikono miwili, na tangu siku ile usingizi wangu ukapungua. Mtu anayesomesha watoto Sura ya An-Nisaa kila mwaka hawezi kujifanya hakusikia yaliyosemwa humo juu ya wale wanaokula mali za mayatima.

Mwaka 2024 kijana alitimiza miaka 18. Akanijia nyumbani, hapa Same mjini, baada ya sala ya Alasiri. Akaniamkia, akaketi mkekani, kisha akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa orodha ya vipande vya kompyuta ya mezani, ambavyo alitaka kuvinunua kimoja kimoja na kuviunganisha kwa mkono wake mwenyewe. Chini kabisa palikuwa na jumla: shilingi 3,500,000.

Nikamwuliza, "Ya kufanyia kazi gani?"

Akasema, "Ya kuchezea magemu, baba mdogo. Sitaki kukudanganya."

Nakiri kwamba jibu lile liliniudhi na kunipendeza kwa wakati mmoja. Vijana wengi huja kwa wazazi wao na neno "masomo" mdomoni, kumbe masomo hayamo. Huyu alisema kweli, ingawa kweli yenyewe ilikuwa ya gharama ya zaidi ya nusu ya urithi wake.

Asaa msomaji ataniuliza kwa nini sikumfukuza pale pale. Nitamjibu. Kwanza, aliyebaleghe haitwi tena yatima katika sheria, ijapokuwa majirani wataendelea kumwita hivyo mpaka aote mvi. Pili, katika madhehebu yetu ya Shafii kubaleghe peke yake hakumtoi mtu chini ya mwangalizi. Ni lazima ionekane kwake rushdi, yaani uongofu katika dini yake na busara katika mali yake. Na busara ya mali haijulikani kwa kumtazama mtu usoni. Qur'ani imeamrisha wajaribiwe, na wanazuoni wetu wameeleza kwamba mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa katika kuuza na kununua na kupatana bei, na mtoto wa mkulima hujaribiwa katika kilimo. Huyu wa kwangu hana duka wala jembe. Nikaona basi mtihani wake ni karatasi ile ile aliyoniletea. Ama kuhusu michezo yenyewe, mimi si mufti. Nilimpa masharti mawili tu: isichezwe kwa fedha, maana hiyo ni kamari, na isimpitishie wakati wa sala.

Nikamwambia, "Nitafutie mashine tatu, ya fedha kidogo, ya fedha ya kati na hiyo yako. Twende tukazione zote tatu zikicheza mchezo mmoja."

Ya kwanza tuliiona hapa hapa Same, katika duka la kuchapa barua. Ilikuwa Dell OptiPlex ya mtumba, iliyokwisha tumika ofisini, yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 6, kizazi kilichotoka mwaka 2015. Mwenyewe alikuwa ameiongezea kadi ya picha iitwayo GTX 1050 Ti, iliyotoka mwaka 2016. Kijana alinieleza kwa nini watu huichagua kadi hiyo kwa mashine za ofisini: haili umeme zaidi ya wati 75, nao huupata kwenye tundu lake bila waya wa peke yake, kwa hiyo hata mashine yenye pawa saplai dogo huistahimili. Gharama yake yote ilikuwa shilingi 650,000.

Mbili nyingine zilikuwa Moshi, nasi tukapanda basi mwendo wa karibu kilomita 100. Ya kati ilikuwa na prosesa ya Ryzen 5 5600 yenye viini 6, kadi ya picha ya RX 6600 na vijiti viwili vya RAM, nayo ilikadiriwa shilingi 1,800,000. Ya tatu ilikuwa na prosesa mpya zaidi, RAM maradufu na kadi ya RTX 4060 iliyotoka mwaka 2023. Hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye karatasi ya kijana.

Mchezo tuliotumia ni Forza Horizon 5, wa mbio za magari, nikauchagua kwa sababu hauna bunduki. Pembeni mwa kioo paliwekwa hesabu ionyeshayo kompyuta inachora picha ngapi kwa sekunde moja. Kwa yule asiyejua kama nilivyokuwa mimi, kila mwendo tunaouona kiooni ni picha zilizosimama zinazofuatana upesi. Filamu za sinema huenda kwa picha 24 kwa sekunde. Lakini katika mchezo, ambamo mkono unaamrisha na jicho linangoja, zikipungua 30 gari huonekana linarukaruka kama kondoo, na zikifika 60 mwendo huwa laini.

Kwa mipangilio ile ile ya ubora wa picha, mashine ya kwanza ilichora kama picha 40, na gari lilipoingia penye umati zilishuka chini ya 30. Ya kati ilichora kama 90. Ya tatu, kama 115. Nilizinakili kwenye daftari langu la mahudhurio ya watoto, kwa kuwa sikuwa na karatasi nyingine.

Tuliporudi nilisimama mbele ya ubao wa madrasa, nikachukua chaki. Elimu yangu ya serikali ni ya shule ya msingi tu, lakini kugawanya nilifundishwa barabara. Mashine ya kwanza, kila picha moja imegharimu shilingi 16,250. Ya kati, shilingi 20,000. Ya tatu, zaidi ya shilingi 30,000. Kisha nikapiga hesabu ya pili, ambayo ndiyo iliyonifungua macho. Kutoka ya kwanza kwenda ya kati unaongeza shilingi 1,150,000 na kupata picha 50, yaani shilingi 23,000 kwa kila picha ya nyongeza. Kutoka ya kati kwenda ya tatu unaongeza shilingi 1,700,000 na kupata picha 25 tu, kila moja kwa shilingi 68,000.

Kijana alitazama ubao asiseme neno. Nikamwuliza, "Na kioo ulichonacho nyumbani, kinaonyesha picha ngapi kwa sekunde?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sitini."

Monita yake ni ya mtumba, hubadili picha mara 60 kwa sekunde, haizidi. Kompyuta ikichora 115, zinazozidi hazina pa kukaa. Sisi Wapare tunalijua jambo hili kwa maji. Wazee wetu walichimba ndiva, mabwawa madogo yanayojazwa maji usiku na kufunguliwa asubuhi kwenda mashambani, kama zile za Bangalala. Uwe na ndiva kubwa kiasi gani, mfereji ukiwa mwembamba shamba litapata maji ya mfereji, si ya ndiva. Kijana mwenyewe alichukua kalamu akaikata ile mashine ya tatu. Mimi sikumwamrisha, na jambo hilo nililiweka moyoni.

Nilitaka achukue ile ya shilingi 650,000. Akapinga kwa adabu. Akasema prosesa yake imezeeka, ubao wake haupokei prosesa mpya za leo, na akiinunua leo atanunua nyingine kabla ya miaka miwili. Kwa hiyo ni rahisi ya kununua na ghali ya kuwa nayo. Nilikubali. Hata tuliporudi Moshi kununua vipande, muuzaji alitaka kumpa kijiti kimoja cha RAM cha gigabaiti 16, naye akashikilia vijiti viwili vya 8, kwa kuwa prosesa huvisoma viwili kwa pamoja kwa njia mbili. Mifereji miwili, nikajisemea. Walivutana kwa muda mrefu, na mwishoni muuzaji akacheka akampa.

Hapo ndipo mimi, mtahini, nilipofeli mtihani.

Katika orodha kulikuwa na pawa saplai la wati 550, la kampuni inayojulikana, kwa shilingi 180,000. Nikauliza linaongeza picha ngapi. Kijana akasema haliongezi hata moja, kazi yake ni kugeuza umeme wa ukutani uwe umeme mdogo ambao vipande vinaweza kuutumia. Juu ya rafu palikuwa na jingine lililoandikwa wati 500, la shilingi 35,000. Nikaona hapa ndipo pa kumhifadhia kijana mali yake. Alinisihi. Aliyapima yote mawili mikononi, akanipa nami niyapime: lile la ghali lilikuwa zito kama jiwe la kusagia, na la rahisi lilikuwa jepesi kama kopo tupu. "Baba mdogo," akasema, "hili ndani hamna kitu." Mimi ninayewafundisha watoto habari za wanaopunja mizani, mizani ilikuwa mkononi mwangu nisiisome. Nikanunua lile la 35,000. Tukalipa jumla shilingi 1,655,000, na nikarudi Same nikijisifu kimoyomoyo kwa kuokoa shilingi 145,000 za yatima.

Mashine ilifanya kazi vizuri kwa wiki nne. Jioni moja umeme ukakatika, na uliporudi ukarudi kwa kishindo, taa zikang'aa kupita kawaida. Pakasikika mlio, kisha harufu ya kuungua. Pawa saplai lililo jema lina vizuizi ndani yake: umeme ukizidi hujizima lenyewe. Hilo letu halikujizima. Liliungua, na kabla ya kufa likaupeleka umeme wake kwa wengine. Madabodi, yaani ubao mkuu, ilikufa, na diski pia. Prosesa, RAM na kadi ya picha vilisalimika, alhamdulillahi.

Kijana hakunilaumu hata kwa jicho. Hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi kwangu.

Nilikwenda kwa sheikh wangu nikamsimulia yote, bila kujipunguzia. Akaniuliza swali moja: "Ulionywa?" Nikasema nilionywa. Akasema mwangalizi ni mwaminifu, hadai hasara iliyotokea bila kosa lake. Lakini akizembea au akipuuza nasaha ya anayejua, analipa. Nikasema nilikusudia kumhifadhia. Akasema kukusudia kwangu kutaandikwa kwa Mola wangu, na ubao wa kompyuta utalipwa Moshi.

Nikauza mbuzi wawili kwa shilingi 300,000. Madabodi ilikuwa shilingi 230,000 na diski 90,000, na shilingi 35,000 za lile pawa saplai nilizirudisha katika fungu la kijana. Jumla 355,000, zilizopungua nilizitoa katika ujira wangu. Pawa saplai la shilingi 180,000 lilinunuliwa kwa fedha zake, kwa kuwa lilikuwamo katika orodha yake tangu mwanzo. Hivyo hesabu yake ikasimama pale pale ambapo ingalisimama kama nisingalitia mkono wangu: shilingi 1,800,000.

Sasa umeme ukikatika huchomoa waya ukutani, na huurudisha baada ya umeme kutulia. Adui mwingine ni joto na vumbi la mji wetu huu, ulioko upande wa ukame wa milima. Mchana wa Februari prosesa ilifika nyuzi 88 tukiwa tunacheza, na usiku ule ule ilikuwa 76. Husafisha feni kwa brashi kila baada ya wiki mbili. Nasema "tukiwa tunacheza" kwa kuwa sipendi kuficha: nami nimejaribu, na gari langu halijapata kumaliza kona ya kwanza bila kugonga ukuta.

Mwaka 2025, baada ya mfungo wa Ramadhani, nilimwita kijana nyumbani pamoja na mashahidi wawili, kama ilivyoamrishwa katika aya hiyo hiyo ya kukabidhi. Nikafungua daftari, nikamsomea kila kilichoingia na kilichotoka, pamoja na habari ya pawa saplai, ili mashahidi nao waisikie. Nikamkabidhi shilingi 4,200,000. Akazihesabu mara mbili, akatia sahihi. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini mbuzi wawili mwaka huu wanauzwa bei gani.

Nikamwambia aziweke fedha zake mfukoni, adhana ya Magharibi imekaribia.