Soma Chuma Kabla ya Kukiosha

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, na habari za ile injini ya turbo iliyoletwa kwako ikigonga nimezisoma kwa makini, hasa pale uliposema kwamba mwenyewe ataka itiwe beringi mpya upesi aondoke na gari yake. Nasaha yangu ni moja: beringi haifi bure, na fundi atiaye nyingine kabla hajajua kilichoiua ya kwanza huwa ameiandalia ajali ya pili.

Beringi za krenki na za konrodi hazina gololi. Kila moja ni vipande viwili vya bamba jembamba vilivyopindwa nusu duara, mgongo wake feleji na uso wake madini laini, kama vile shaba iliyochanganywa na risasi, au aluminiamu na bati. Wala krenki izungukapo haikalii madini hayo, bali huelea juu ya utando wa oili. Mwaka 1883 Mwingereza Beauchamp Tower, alipokuwa akijaribu beringi za namna ya mabehewa ya reli, alitoboa tundu juu ya beringi akaona oili ikifoka. Akaliziba kwa kizibo cha mti, nacho kikasukumwa kikatoka. Mwaka 1886 Osborne Reynolds akaeleza kwa hesabu jinsi mzunguko wenyewe unavyoikokota oili katika nafasi iliyobana na kuipandisha nguvu. Nafasi hiyo, katika injini za gari, aghalabu ni milimita 0.02 hadi 0.06; basi oili ikikosekana kitambo kidogo, ikawa nyepesi mno kwa joto, au ikachukua mchanga, chuma hugusana na chuma. Na turbo huzidisha mzigo kwa njia mbili, kwani hufanya pistoni isukumwe kwa nguvu zaidi, na yenyewe hutegemea oili ile ile, ilhali mhimili wake hupita mizunguko 100,000 kwa dakika pembeni ya moshi wa moto.

Kwa hiyo usiwe na pupa ya kuosha kwa petroli na brashi. Oili ikinge katika beseni safi. Filta ikate, uikunjue karatasi yake, kisha upitishe sumaku: kinachonaswa ni chuma, na kisichonaswa chenye wekundu ni shaba ya beringi. Kila kofia ya konrodi itie alama ya silinda yake kabla ya kulegeza bolti, kwa kuwa kofia na konrodi yake zilichongwa pamoja na hazibadilishani. Halafu zipange beringi mezani kwa mfuatano, uzisome. Mikwaruzo ifuatayo mzunguko ni ushahidi wa uchafu. Shaba iliyojitokeza katika nusu za juu za konrodi, hali nusu za chini zi salama, huashiria mzigo uliopita kiasi, na mara nyingi sababu yake ni petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda. Ikiwa imeungua moja tu, na krenki imegeuka samawati pale pale, anza kwa kuchunguza njia ya oili iendayo hapo. Na ikiwa zote zimechakaa, itazame pampu, chujio la ndani ya sampu, na hali ya oili yenyewe.

Ukishaijua sababu, kumbuka kwamba chembe za beringi hazikubaki zilipozaliwa. Zimekwenda kwenye pampu, kwenye kemshafti, kwenye turbo na bomba lake. Na kipoza oili, kwa kuwa hakisafishiki kwa yakini, sharti kibadilishwe. Matundu ya oili ndani ya krenki yasuguliwe mpaka mwisho, krenki ipimwe kwa maikromita, na ikiwa imeliwa ichongwe na kutiwa beringi za saizi yake. Bolti za konrodi zile za kuvutika usizirudie. Wala usiiwashe injini kabla hujaizungusha kwa stata, plagi zikiwa nje, hata oili ipande.

Najua gharama hiyo itamshtua mwenye gari, lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Mwite, umshikishe beringi mkononi, umweleze yote bila kupunguza. Na akiwa hana fedha kwa sasa, afadhali injini ingoje chini ya turubai kuliko kumpa ya kumfikisha njiani tu. Mwusie pia atumie oili ya daraja lililoandikwa katika kitabu cha gari, na baada ya mwendo mkali aiache injini iungurume taratibu kitambo kabla ya kuizima, isije oili ikaungulia ndani ya turbo. Mali ya mtu mikononi mwa fundi ni amana, na amana hurudishwa timamu.

Niandikie vipimo vya krenki, na unijulishe ni beringi ya silinda ipi iliyotangulia kufa, tushauriane kabla hujaagiza kitu.

Wasalaam,
Mjomba wako