Bawaba za Mlango wa Ndani

Msomaji, uingiapo katika nyumba ya mtu hutazama kuta, madirisha na viti, bawaba huzitazami. Mimi pia sikuzitazama mpaka ziliponitia majuto.

Nakaa Kawangware, magharibi mwa Nairobi. Chumba changu nilikigawa kwa ukuta wa mbao kikawa viwili, ili mama yangu, aliyekuja mjini kwa matibabu, apate faragha. Mlango wa mbao nzito niliununua kwa maseremala wa Barabara ya Ngong, wala sikunung'unikia bei. Ilipofika zamu ya bawaba, ubahili ulinishika. Nilichagua mbili za bati jembamba, nikazipigilia misumari.

Mwezi haukuisha, mlango ukainama ukaburura sakafuni. Usiku mmoja mama alitaka kutoka, mlango ukamshinda. Hakuniita, asije akaniamsha mimi mwenye kazi asubuhi. Alikaa gizani hata alfajiri. Nilipousukuma mlango kwa bega nikamwona, alisema tu, "Mwanangu, mlango wako ni mzito." Maneno yale yaliniuma kuliko lawama.

Jumamosi nilikwenda Kibera kwa fundi mmoja mzee. Aliniuliza swali nisilopata kujiuliza: "Mwalimu, mlango wenyewe una uzito gani?" Kumbe bawaba haichaguliwi kwa mng'aro, huchaguliwa kwa mzigo itakaoubeba. Mlango mwepesi hutoshwa na bawaba 2; mlango mzito hutaka 3 za chuma, za inchi 4. Ile ya juu huvutwa na uzito siku zote, na msumari hung'oka kidogo kidogo. Lakini skrubu huuma mbao kwa meno yake.

Nilirudi nikafanya kama nilivyofunzwa. Bawaba ya kwanza niliiweka inchi 6 kutoka juu, ya pili inchi 9 kutoka chini, na ya tatu katikati. Kwa patasi nilichimba kitanda cha kila bawaba, katika mlango na katika mwimo, kina chake sawa na unene wa bamba lake. Kwani kikizidi mlango hubana, na kikipungua huacha mwanya. Nilitoboa kwa kekee matundu membamba kuliko skrubu, ili mbao zisipasuke. Kisha niliutegemeza mlango kwa kabari, nikatia skrubu moja moja, nikaujaribu kuufungua na kuufunga, ndipo nikazikaza zote.

Jioni mama aliusukuma kwa kidole kimoja. "Umeununua mwingine?" akauliza. La, msomaji. Mlango ulikuwa ule ule, na uzito wake ule ule. Ila sasa ulikuwa na wa kuubeba. Tangu hapo, niingiapo nyumba yoyote, macho yangu hutangulia kwenye bawaba.