Baba na Mvuke wa Olkaria

Nyumbani kwetu, upande wa Njoro, tulikua tukiamini kwamba baba yetu ndiye aliyewasha stima Kenya. Alitwambia hivyo yeye mwenyewe, nasi tukawaambia wenzetu shuleni, wakatucheka hadi tukanyamaza. Wangekosaje kucheka? Kazi ya shule tuliifanya kwa koroboi, na asubuhi tulipopenga kamasi ilitoka nyeusi kwa masizi. Nguzo za stima zilifika kijijini kwetu mwaka wa 2016, mimi nikiwa nimekwisha kuolewa na kuhamia Nairobi.

Ukweli ni kwamba Baba alikuwa kibarua Olkaria. Alikwenda huko mwaka wa 1980 akiwa kijana wa miaka 21, wakati kituo cha kwanza cha kuzalisha umeme kwa mvuke wa ardhini kilipokuwa kikijengwa kusini mwa Ziwa Naivasha. Mashine ya kwanza, ya megawati 15, ilianza kazi mwaka wa 1981. Ya pili kama hiyo ikafuata mwaka wa 1982 na ya tatu mwaka wa 1985. Baba aliziona mbili zikianza, kisha akarudi nyumbani kuoa na kulima viazi. Hakukanyaga huko tena.

Mwaka jana alisikia kwenye redio kwamba mashine zile tatu zilipangiwa kung'olewa ili ziwekwe mpya, ambazo zitatoa takriban megawati 63 badala ya zile 45 za zamani. Akanipigia simu usiku. Baba si mtu wa kuomba, hata maji ya kunywa hujichotea mwenyewe, lakini usiku huo aliniambia, "Mwanangu, nipeleke nikapaone kabla hawajapageuza."

Basi likizo ya Agosti mwaka wa 2025 tulikwenda, mimi, yeye na kijana wangu wa Gredi ya Nane, ambaye alikubali kuja kwa sababu tu aliambiwa ataona twiga. Tulipita Karagita, tukapita mashamba ya maua yaliyofunikwa kwa nailoni pande zote mbili za barabara, na Baba akawa kimya. Kwenye lango la Hifadhi ya Hell's Gate alishangaa kuona tukikatiwa tikiti. Enzi zake hapakuwa na lango. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka wa 1984, yeye akiwa ameshaondoka, na pundamilia aliowajua yeye walikuwa wakija kunusa sufuria za vibarua.

Harufu ndiyo iliyotangulia kutupokea. Mvuke wa Olkaria hutoka na gesi yenye harufu ya yai viza, na kijana wangu akaziba pua. Baba aliteremsha kioo cha gari akavuta pumzi.

"Tumefika," akasema.

Lakini hakupatambua. Mabomba yalikuwa kila upande, yanang'aa kwa mabati, yakipanda vilima na kushuka mabondeni. Katika siku zake kulikuwa na kituo kimoja tu kikijengwa. Sasa vimekuwa vingi: Olkaria ya Pili ilianza mwaka wa 2003, ya Nne mwaka wa 2014, ya Tano mwaka wa 2019, na vingine vya watu binafsi. Mvuke wa ardhini leo hutoa takriban asilimia 40 ya umeme wa taifa. (Upanuzi huo una watu wake. Mwaka wa 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha kituo cha Nne, na malalamiko yao yakafika hadi Benki ya Dunia.) Mzee akatazama kulia, akatazama kushoto, nikaanza kuingiwa na hofu kwamba nimemleta aone tu kuwa amesahaulika.

Kijana ndiye aliyetuokoa, bila kujua. Aliuliza, "Guka, mbona hayo mabomba yamepindwapindwa? Si wangeyanyoosha wapunguze gharama?"

Ni kweli. Kila baada ya hatua kadhaa bomba hukata kona, hupanda juu kama fremu ya mlango, kisha hushuka na kuendelea na safari. Mimi nilidhani ni kwa ajili ya twiga kupita, na nilikuwa karibu kusema hivyo.

"Chuma kikipata moto hurefuka," Baba akasema. "Bomba refu namna hii ukilinyoosha kama rula, siku mvuke utakapopita litajisukuma na kupasuka. Zile kona zinalipa nafasi ya kujinyoosha. Tena angalia pale chini, kwenye kiguzo. Halikufungwa kwa nguvu. Limeketishwa, ili liteleze."

Tukashuka garini tukaangalia. Kazi yake ilikuwa hiyo hasa, kuchimba mashimo ya viguzo vile na kubeba zege kwa karai. Udongo wa huko ni jivu la volkano lililochanganyika na mawe meusi yanayokata kama chupa, na alituonyesha kovu kwenye kiganja ambalo maisha yangu yote nilidhani ni la panga. Alitueleza jinsi maji na mvuke hutoka pamoja kisimani, vikaingia kwenye pipa kubwa la chuma linalovitenganisha, mvuke ukaenda kuzungusha mtambo. Alisema pia kwamba Wazungu walichimba visima viwili hapo miaka ya 1950 wakavikatia tamaa. Kijana alikuwa ameacha kuziba pua. Alikuwa akiandika kwenye simu.

Nilimwonyesha Baba bango la bwawa la kuogelea ambalo hutumia maji ya moto yatokayo kwenye visima hivi, ambako watu hulipa ili waingie. Alicheka hadi akakohoa. "Sisi ukirukiwa na maji haya ulikuwa unakimbizwa hospitali," akasema.

Kituo cha kwanza tulikiona kutoka nje ya ua. Ni jengo la kawaida tu, na ukipita haraka huwezi kulitofautisha na mengine. Alisimama hapo muda mrefu, mikono nyuma. Nilikumbuka mwaka wa 2000, ukame ulipokausha mabwawa na nchi nzima ikawa kwenye mgao wa stima. Kila jioni taarifa ya habari ilipotaja mgao, Baba alikuwa akisema, kwenye giza letu la koroboi, "Mvuke haujui kiangazi." Tulidhani ni majigambo ya mzee. Wakati ule mashine zile tatu zilikuwa zikifanya kazi usiku na mchana.

"Guka, mlikuwa wangapi?" kijana akauliza tulipokuwa tukirudi garini.

Baba hakutaja idadi. Alianza kutaja majina: nyapara wake, Mluhya mmoja aliyewapikia, ndugu wawili kutoka Gilgil, Mmaasai aliyewauzia maziwa. Akakumbuka nani alioa wapi na nani alikufa mwaka gani. Alikuwa hajamaliza tulipofika Karagita.