Mahali Alipozaliwa Babu

Baba yangu aliposhikwa na maradhi ya moyo alinitaka jambo moja tu. Hakutaka dawa mpya wala tabibu mwingine. Alitaka kujua mahali alipozaliwa baba yake. Sisi sote tulizaliwa Korogwe, kando ya mashamba ya mkonge, na neno tulilorithi kwa babu juu ya asili yetu lilikuwa moja: kwamba sisi ni watu wa Mkalama. Alilisema mara chache, kisha hunyamaza, wala hapakuwa na aliyethubutu kumwuliza zaidi. Alifariki mwaka 1986.

Aliacha kisanduku cha bati. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi tatu za kodi, kadi ya kipande ambayo siku zake 30 za kazi hazikutimia, na karatasi ya kuandikishwa kazi ya mwaka 1947. Wakati huo wenye mashamba ya mkonge walikuwa na shirika lao la kutafuta vibarua, lililoanzishwa mwaka 1944 na kujulikana kwa jina la SILABU, na Singida ilikuwa moja ya nchi walikochukuliwa watu. Kila mtu alipewa namba, na kwa ajili ya namba hiyo wakaitwa manamba. Namba ya babu ilisomeka vizuri kabisa; jina lake lilikuwa limefutika nusu.

Karatasi ile ilisema kuwa babu ni Mnyiramba, wa wilaya ya Singida, na chini yake palikuwa na neno moja nililolidhani kuwa ni kijiji. Nikafurahi kama mtu aliyeokota ufunguo. Neno la Mkalama nililiweka kando, kwa kuwa nilijua ya kwamba Wajerumani walijenga boma huko, na nikadhani babu alitaja boma kama wafanyavyo watu wengi wanapoulizwa kwao na mgeni. Nilikuwa nimepata kusoma habari za Waayalandi waliohamia Marekani kwa sababu ya njaa kuu ya miaka ya 1845 hadi 1849. Wajukuu wao nao hukuta katika karatasi za kale jina la nchi au la jimbo tu, hali wanachokitafuta ni kijiji. Tena nyaraka nyingi sana za nchi hiyo ziliteketea Dublin mwaka 1922, katika vita vya wao kwa wao. Nikajiona mwenye bahati kuliko wao, maana karatasi yangu haikuungua.

Basi nikaenda Kiomboi, katika Iramba, kwa sababu karatasi ilisema Mnyiramba. Siku tatu niliuliza kijiji kile sokoni, kanisani na kwa madereva, ambao hujua vijiji kuliko makarani. Hapakuwa na aliyekijua. Siku ya nne mzee mmoja aliishika karatasi mbali na macho yake, akaisoma, akacheka. Akaniambia kuwa lile si jina la mahali, ni jina la mtu. Alikuwa jumbe, na karani aliandika chini ya jumbe gani babu alilipa kodi. Utawala wa watemi na majumbe uliondolewa mwaka 1963, na jina lile likaondoka pamoja nao. Nikamwuliza jumbe huyo alikuwa wa wapi. Akanyosha mkono kuelekea kaskazini, akasema: Mkalama, kwa Wanyisanzu.

Niliona haya. Babu alisema ukweli mtupu kwa neno moja, nami nikamwamini karani ambaye hakutofautisha Mnyisanzu na Mnyiramba.

Nilirudi hadi Iguguno, nikashika njia ya Nduguti, na kutoka huko nikaendelea hadi Mkalama. Wazee walinipokea kwa adabu nyingi, nikawatajia jina la baba wa babu. Walitazamana tu. Ndipo mmoja akaniuliza: mama yake nani? Katika karatasi zote za kisandukuni hamkuwa na jina la mwanamke hata mmoja, kwa kuwa serikali haikumwuliza babu juu ya mama yake. Nami nilikuwa nimesahau ya kuwa Wanyisanzu huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Lakini shangazi yangu mkubwa ana jina lisilo la Kitanga, nasi utotoni tulimcheka kwalo, naye alikuwa akijibu kwamba ni jina la bibi yake. Nikalitaja.

Wakamwita bikizee mmoja. Huyu alikuwa mtoto wa dada yake babu. Aliniambia kuwa mama yake alikuwa na kaka aliyekwenda mkonge akaahidi kurudi baada ya mavuno mawili. Mavuno yalipokuwa matano pasipo habari, walinyoa nywele wakaweka matanga. Nilimtajia mwaka 1986. Akahesabu kimya kimya, kisha akauliza alizaa watoto wangapi. Nikasema saba. Akataka niwataje wote, naye akayarudia majina mmoja mmoja hata nilipofika lile la shangazi, ambalo hakulirudia.

Alinionyesha nyumba ilipokuwa. Watu walihamishwa hapo mwaka 1974, wakati wa kuanzisha vijiji, na sasa ni mahame: mbuyu mmoja, jiwe la kusagia lililopasuka, na kichuguu mahali lilipokuwa tembe. Kaburi la mama yake babu liko upande wa magharibi wa mbuyu.

Usiku nilimpigia baba simu. Sikumficha habari ya matanga. Alikaa kimya muda mrefu hata nikadhani simu imekatika, kisha akauliza njia hiyo hufungwa na mvua mwezi gani. Nikamwambia kuwa ni vema kwenda kabla ya Disemba. Tabibu hajatoa ruhusa. Baba amekwisha kununua viatu.