Uwanja Wenye Kumbukumbu

Msomaji mpenzi, ukijaliwa kufika Dublin, nchini Ireland, usiutazame uwanja wa Croke Park kwa ukubwa wake tu. Fuatana na kiongozi wa wageni, umsikilize. Atakusimulia habari za Jumapili, tarehe 21 Novemba, 1920. Asubuhi wapiganaji wa Ireland walikuwa wamewaua wapelelezi wa Kiingereza. Alasiri, Dublin ikicheza na Tipperary, askari wa serikali waliingia wakawapiga watu risasi. Watu 14 walikufa.

Mimi ni mwalimu, na kwa miaka kadha nilifundisha mambo ya namna hii kwa tarehe na hesabu. Wanafunzi waliandika, wakafaulu mtihani, wakasahau. Kiongozi yule hutaja majina: Jerome O'Leary, mtoto wa miaka 10 aliyekuwa ameketi ukutani, Jane Boyle, aliyebakiza siku 5 aolewe, Michael Hogan, mchezaji, ambaye jukwaa moja huitwa kwa jina lake.

Mpira ungali ukichezwa pale, na watu hushangilia. Nawe, ewe msomaji, mwulize mzee wa kwenu: ni mahali gani hapa petu panapongojea mtu wa kupasimulia?