Diski Mbili, Jina Moja

Ndugu msomaji, usinicheke. Mwenzako nilikaribia kuifuta riwaya yangu kwa mkono wangu mwenyewe, tena nikidhani naiokoa.

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kibarua katika duka la stesheneri huku Tandika: kuchapa barua, kutoa fotokopi. Jioni wateja wakipungua, naandika. Flashi za wateja zilijaa virusi, kwa hiyo nilijitengenezea mashine pepe ya Linux kwa VirtualBox ndani ya kompyuta ya duka. Humo ndimo riwaya ilimokaa. Siku moja nikaitolea mashine nzima nakala. Si unajua, akiba haiozi.

Wiki mbili baadaye, nikiwa sura ya 11, nikagundua nimeifuta sura ya 4. Basi nikasema, si nina nakala? Nikazima mashine, nikaipachika diski ya nakala pamoja na ile ya asili, nikawasha. Lo! Sura ya 4 ipo, lakini ya 10 na ya 11 hazipo. Jasho likanitoka. Nikaamini riwaya imeshaharibika, basi angalau nifute ile diski nyingine, niitumie kuweka akiba ya kilichobaki.

Kaka mmoja fundi, aliyekuja kutoa fotokopi, akanizuia.

"Tulia, mdogo wangu. Kabla hujafuta, uliza kwanza uko wapi."

Akaandika lsblk. Kumbe mashine imewaka kwa sdb, yaani diski ya nakala! Ile niliyotaka kuifuta ndiyo ya asili. Akaandika blkid. Diski mbili, UUID moja: herufi na tarakimu 32 zilezile.

Akanieleza. Linux haiitegemei sda wala sdb, maana majina hayo yanaweza kubadilishana mashine ikiwashwa upya. Faili la /etc/fstab huitaja diski kwa UUID, na GRUB vilevile. Namba hiyo imeandikwa ndani ya mfumo wa faili, kwa hiyo ukinakili diski, nayo unainakili. VirtualBox iliipa diski mpya kitambulisho cha nje tu. Cha ndani haikukigusa.

"Ukiita jina moja wakiwapo wawili, yeyote huitika," akasema. "Hata Kulwa na Doto wana majina mawili."

Tukazima, tukaichomoa nakala. Kuwasha, sura ya 10 na ya 11 hizo hapo! Kisha tukaiweka diski ya nakala peke yake, tukawasha kwa ISO ya Linux, na bila kuifungua diski tukapitisha e2fsck -f, halafu tune2fs -U random. Ikapata UUID yake. Kama ningetaka nakala ile iweze kuwaka yenyewe, ingenibidi nirekebishe pia fstab na GRUB. Mimi nilitaka sura yangu tu. Tukazipachika zote mbili tena, nikaichukua.

Usiku ule nikaisoma sura ya 4. Jamani! Kila sentensi ilinikumbusha mwandishi ninayemhusudu. Mwendo wake, mizaha yake, hata hasira zake. Yangu yalikuwa majina ya wahusika tu, kitambulisho cha nje. Nimeiandika upya.

Mwandishi mwenzangu, weka nakala, lakini ipe jina lake. Na kabla hujafuta, uliza kwanza uko wapi.